Nyota ya chane nne

Karatasi ya A4, hii hii ya fotokopi, ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Ukiichana kwa urefu, sentimita moja moja, unapata chane 21. Nyota moja ya karatasi, nitakayoifundisha hapa, inataka chane 4. Kwa hiyo karatasi moja ni nyota 5, na chane moja inabaki. Hiyo naikata vipande vitano, kila nyota inapata kitanzi chake cha kutundikia. Hesabu hii niliipiga usiku wa zamu, mwanzoni mwa Desemba mwaka juzi, nyuma ya ratiba ya chakula ya wiki iliyopita, na mpaka leo nikiikumbuka nafurahi. Hakuna chane inayokosa kazi.

Najua nikisema chane wengine mtafikiria ndizi. Kwetu Pangani, pwani ya Tanzania, chane ni ya ndizi, ndiyo, lakini pia ni ukindu, jani la mkindu, uliokwisha kuchanwa ukawa tayari kusukwa. Bibi yangu mzaa mama ni msukaji wa mikeka. Nimekua nikimwona barazani, mguu mmoja umenyooshwa, mwingine umekunjwa, kindu za rangi zimewekwa upande wa kulia na za asili upande wa kushoto, na ukili, ule utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, unatoka mikononi mwake kama maji yanavyotoka bombani. Neno hili basi nimelichukua kwake, na mtaona mbele kwa nini nimeona nilichukue, badala ya kusema "kipande chembamba cha karatasi" kila mstari.

Mimi sasa naishi Saalfeld, mji wa jimbo la Thüringen, Ujerumani, kando ya mto Saale. Niko kwenye mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni katika nyumba ya wazee. Ni huko nilikojifunza nyota hii ambayo Wajerumani wanaiita Fröbelstern, nyota ya Fröbel. Ikikamilika inaenea kiganjani. Ina ncha 16: nane zimelala bapa kuzunguka ukingo, na nane zimesimama, nne mbele na nne nyuma. Zile zilizosimama ni vikoni vidogo vya karatasi. Umewahi kununua karanga za kukaanga stendi, zimefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa ikachongoka chini? Ni umbo lile lile, ila dogo kiasi cha kuenea punje moja tu ya karanga. Haina gundi. Haina pini. Kinachoishika ni chane zenyewe kubanana.

Kipindi cha Majilio, wiki za kuelekea Krismasi, nyota hizi hutundikwa madirishani na kwenye miti ya Krismasi. Mimi ni Muislamu, Krismasi si sikukuu yangu, lakini nyota haikuniuliza dini, na wazee niliokuwa nawahudumia walikuwa na dirisha kubwa la ukumbi wa kulia chakula ambalo mwaka ule lilikuwa tupu.

Aliyelalamikia dirisha lile ni bibi mmoja wa chumba cha kona. Sitamtaja jina. Alifundisha watoto wadogo maisha yake yote ya kazi, na ukimpelekea chai bado anakukagua kama umefunga kamba za viatu. Miaka mingi ndiye aliyekuwa akikunja nyota za ukumbini. Lakini baridi yabisi imemkalia vidoleni. Vile vya katikati vimepinda kuelekea nje, kushika kijiko ni kazi, kushika karatasi ya sentimita moja ndiyo haiwezekani kabisa. Siku hiyo nilikuwa namfunga vifungo vya sweta, akaniambia, "Mikono yako ina nini jioni?" Nikamwambia haina kitu. "Basi lete mkasi na rula."

Kijerumani changu wakati ule kilikuwa cha hospitali. Nilijua kusema kidonda, shinikizo la damu, umelalaje, je, umekwenda choo. Sikujua kusema kitanzi. Sikujua mshazari. Na yeye hakuweza kunionyesha kwa mkono, hata mara moja. Alikuwa na mdomo tu, mimi nina mikono tu. Tulikaa jioni tatu namna hiyo, dakika arobaini arobaini baada ya zamu yangu kwisha, na jioni ya tatu saa mbili kasorobo nyota ya kwanza ikatoka. Ilikuwa imeegemea upande kidogo. Aliishika kati ya viganja viwili, kama mtu anavyoshika kifaranga, akaizungusha yote, akasema, "Ya pili itanyooka."

Nimetazama video nyingi za nyota hii tangu siku hiyo. Mikono inakwenda haraka, muziki unapigwa, hakuna anayesema neno. Unasimamisha, unarudisha nyuma, unasimamisha tena, na ukifika hatua ile ngumu kidole gumba cha mwenye video kinafunika palepale unapotaka kuona. Bibi yule alinifundisha vizuri zaidi ya video zote, kwa sababu ilimlazimu awe na neno kwa kila tendo. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta maneno ya kwetu. Nilitaka niweze kumfundisha mtu kwa simu, akiwa Pangani, bila kamera.

Haya, nifundishe kama nilivyofundishwa.

Kwanza chane ziwe sawa. Uwiano ni mmoja kwa thelathini: upana wa sentimita 1 kwa urefu wa sentimita 30, au 1.5 kwa 45, au 2 kwa 60 kwa anayeanza. A4 inakuja vizuri kwa sababu 29.7 ni karibu kabisa na 30. Ukikata chane moja ikawa pana zaidi kwa milimita mbili tu, nyota nzima itagoma, na utajilaumu mwenyewe kwa jambo ambalo si la vidole vyako bali la mkasi. Mimi natumia kisu cha karatasi na rula ya chuma. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inatosha. Karatasi laini ya kufungia zawadi siipendi, inachoka haraka. Na ile nzito ya kadi inapasuka kwenye mikunjo.

Kunja kila chane katikati, upate miguu miwili na kichwa kimoja. Kaza mkunjo kwa ukucha. Ncha za miguu zikate mshazari ili zipenye kwa urahisi baadaye. Sasa unazo chane nne, kila moja ni mbili kwa moja.

Halafu bibi akasema sentensi ambayo ndiyo iliyonifungua macho: "Kila mmoja aingie kinywani mwa mwenzake, na wa mwisho aingie kwa wa kwanza."

Nilikaa kimya kidogo. Nikachukua chane ya kwanza, nikaibana kati ya miguu ya ya pili. Ya pili ikabanwa na ya tatu. Ya tatu na ya nne. Na ya nne, badala ya kubana hewa, ikarudi ikaibana ya kwanza. Nikavuta pande zote nne kidogo kidogo, mraba ukajifunga katikati, vyumba vinne, juu chini, juu chini. Bibi alikuwa bado anatafuta namna ya kunieleza kwa mara ya pili. Nilipomwonyesha mraba alinitazama usoni, akauliza, "Umeshafanya hii zamani?"

Nilikuwa nimeifanya. Si nyota, ila ule mraba. Tukiwa watoto tulichuma ukuti mbichi, tukatoa uti wa katikati wa kila jani, tukasuka saa za mkononi, miwani, na mpira wa kurushiana uani. Mpira wa ukuti unaanza hivi hivi: jani linalibana jingine, la mwisho linarudi kwa la kwanza. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno, kaka anamwonyesha mdogo wake basi. Na hapo nikafahamu kwamba nyota ya Fröbel, ingawa watu wanaihesabu katika ufundi wa kukunja, inaanza kwa kusuka. Kukunja kunakuja baadaye. Ukiikabili kama mkunjo utahangaika nayo. Ukiikabili kama ukili, vidole vinaelewa.

Niliposema hivyo kwa bibi (ilinichukua muda, neno la kusuka nilikuwa silijui, ikabidi nimchoree mkeka), alifurahi kweli. Akaniambia Fröbel mwenyewe aliviweka vyote viwili mikononi mwa watoto, kukunja karatasi na kusuka karatasi, kila kimoja kama kazi yake. Mimi Fröbel nilikuwa namjua kama jina la nyota tu. "Nenda Blankenburg," akasema. "Treni ni fupi."

Nikaenda Jumamosi iliyofuata. Bad Blankenburg ni mji mdogo mwanzo wa bonde la mto Schwarza, umezungukwa na vilima vya misitu, na juu yake kuna ngome ya kale, Greifenstein. Friedrich Fröbel alizaliwa si mbali na hapo, kijiji cha Oberweißbach, tarehe 21 Aprili 1782, mtoto wa mchungaji. Mama yake alifariki kabla yeye hajatimiza mwaka. Mwaka 1837 alianzisha Blankenburg mahali pa watoto wadogo kucheza na kufanya kazi za mikono, na mwaka 1840 akapapa jina: Kindergarten, bustani ya watoto. Jina hilo likazunguka dunia nzima. Mimi nilisoma shule ya vidudu, ndivyo tulivyoiita, na wala sikujua kwamba mizizi yake inafika kwenye bonde hili lenye baridi, lililo dakika chache tu kwa treni kutoka ninapokaa.

Leo kuna jumba la makumbusho la Fröbel pale. Nilichokaa nacho muda mrefu ni vile vitu alivyoviita zawadi. Ya kwanza ni mipira sita laini ya nyuzi, kila mmoja na rangi yake, yenye kamba ya kuning'inizia. Ya pili ni ya mbao: tufe, mchemraba, na silinda katikati yao kama mtoto aliyechukua sura ya baba na ya mama. Baada ya zawadi zinakuja kazi: kutoboa karatasi, kushona, kukunja, kusuka, kufinyanga. Aliamini mtoto anaielewa dunia kwa mkono kwanza. Na mimi niliyeshindwa hesabu za maumbo sekondari, nikaelewa pembe ya nyuzi 45 nikiwa na miaka ishirini na sita kwa sababu ya chane ya karatasi, namwamini.

Mwaka 1851 serikali ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, ilizipiga marufuku bustani za watoto. Fröbel akafariki mwaka uliofuata, 21 Juni 1852, na marufuku ikaondolewa 1860. Hakuiona siku hiyo. Kaburi lake liko Schweina, na juu yake wamemwekea jiwe la mchemraba, silinda na tufe, vile vitu vitatu vya mbao vilivyokuzwa vikawa mnara. Sijafika huko bado.

Kuna jambo jingine nililolipenda. Wajapani walikuwa na ufundi wao wa kukunja karatasi tangu zamani, na neno origami ni lao: ori ni kukunja, kami ni karatasi. Mwaka 1876 ilifunguliwa Tokyo shule ya watoto wadogo ya mtindo wa Fröbel, ndani ya chuo cha ualimu cha wanawake, na kukunja karatasi kukawa sehemu ya masomo. Ufundi wa Japani ukakutana na ufundi wa Thüringen mezani kwa mtoto wa miaka mitano. Ndiyo maana sioni ajabu ukindu wa Pangani nao ukija kuketi hapo.

Turudi kwenye nyota, tumeiacha ikiwa mraba.

Mraba una pande nne, na kila upande unatoa mikia miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwenzake. Chukua ule wa juu, ulaze uvuke mraba kwenda upande wa pili. Fuata upande unaofuata, uulaze wa juu, na wa tatu vilevile. Wa nne uupenyeze chini ya ule wa kwanza uliolazwa, ukaze. Sasa mikia haijapandana tena. Kila upande una miwili imelala ubavu kwa ubavu, kama ndugu kwenye mkeka mmoja. Hapa bado ni kusuka.

Kisha kukunja kunaanza. Shika mkia mmoja, ule ambao ukiurudisha katikati unakuta kimfuko cha kuingia. Ukunje mshazari kwenda nyuma, uangalie pembeni. Ukunje mshazari mara ya pili, uje mbele, ushuke kuelekea kwako. Imetokea pembetatu. Pembetatu hiyo ifunge katikati kama unafunga kitabu, na mkia wake uchomeke kwenye kile kimfuko cha mraba. Umepata ncha ya kwanza iliyolala. Zungusha nyota robo, rudia. Nne zikiisha igeuze mgongo, fanya nne nyingine. Hatua hii haina ugumu, inataka tu usiwe na haraka, na kila mkunjo uukaze kwa ukucha.

Wengi wanaishia hapa. Unapata nyota bapa ya ncha nane, nzuri tu, unaweza hata kuibandika kwenye kadi. Bibi aliniambia naweza kupumzika hapa kama nimechoka. Sikupumzika, maana nilikuwa nimekwisha kuona kwenye picha ukutani kwake ile nyingine, yenye ncha zilizosimama.

Ncha ya kusimama ndiyo roho ya nyota hii, na ndiyo iliyonitoa jasho. Sasa mkunjo hautakiwi. Mkia unaotokeza usoni mwa nyota unaushika kwa kidole gumba na cha shahada. Unaulaza uelekee pembeni. Kisha unaupindua, tumbo lake liwe mgongo, na unauzungusha urudi kuelekea katikati. Unauzungusha tu. Ukiubana ukaacha alama ya mkunjo, umeharibu. Karatasi itakuwa na kiwiko badala ya shingo. Ncha ya mkia unaitafutia njia chini ya chumba cha mraba kilicho jirani, unaipenyeza gizani bila kuona, unaisukuma taratibu, na kama umelenga sawa itachungulia mwisho wa ile ncha iliyolala. Hapo iache ya juu, ishike hii iliyochungulia, uivute.

Nilivuta kwa nguvu mara ya kwanza, kikoni kikasinyaa chote kikaingia ndani. Bibi alisikia sauti ya karatasi kabla hata mimi sijaona nilichofanya. "Si hivyo. Vuta kama unavuta uzi kwenye shanga za mtoto aliyelala." Nikarudisha nyuma, nikanyoosha, nikavuta tena pole pole. Lile zunguko likaanza kupungua. Upande mmoja ukajikusanya, mwingine ukainuka, na ghafla karatasi ikawa na kilele. Ilisimama. Nikaigusa kwa ncha ya kidole, ikachoma kidogo. Nilifurahi kiasi kwamba nilisema "Alhamdulillahi" kwa sauti, na bibi akaitikia kwa Kijerumani jambo ambalo nadhani ni hilo hilo.

Zinabaki saba. Tatu za mbele, igeuze, nne za nyuma. Mwisho unakata mikia yote iliyochungulia sawasawa na ncha zilizolala. Kata kwa mkasi mkali na kwa mshazari unaofuata umbo la ncha. Watu wengine huzichovya nta na kuzinyunyizia vumbi la kung'aa. Mimi naziacha nyeupe. Dirisha la ukumbi lilipata nyota 35 mwaka ule, karatasi saba, na asubuhi theluji ikiwa nje na jua likiwa chini, vivuli vyake vilikuwa vinatembea juu ya meza za kifungua kinywa.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilipata likizo, nikaenda nyumbani. Bibi yangu nilimkuta palepale barazani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mke mwenzangu, umekonda. Wanakulisha nini huko?" Baada ya chakula nilimtolea nyota moja mfukoni. Aliigeuza, akaikaribisha machoni, akaifuata chane moja kwa ukucha kutoka katikati mpaka inapotokea. Hakuuliza ni ya nini. Aliuliza, "Ni chane nne tu?" Nikamwambia nne. "Na mwanzo wake ni kama mpira wa ukuti." Nikamwambia ndiyo, bibi. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha kwa maneno niliyoyakusanya mwaka mzima, kinywa, mkia, kimfuko, kupenyeza. Alinisikiliza mpaka kwenye kusimamisha ncha, kisha akanyoosha mkono akavuta fungu la kindu.

Ukindu si karatasi. Ukiwa mkavu ukiukunja unakatika kwa mlio. Aliloweka machache kwenye kata ya maji, akayaacha mpaka yakalegea, akayachana kwa ukucha akilinganisha upana kwa jicho tu, bila rula, na nilipokuja kuyapima yalikuwa hayapishani. Alitumia mawili ya zambarau na mawili ya asili. Ile nyota ya kwanza alinifundisha mimi, siyo mimi niliyemfundisha. Pale ninapovuta kwa wasiwasi, yeye aliubonyeza ukindu kwa kidole gumba chenye maji, ukajua mwenyewe pa kuelekea. Ncha moja ilipasuka. Aliitazama, akasema jani lile lilikuwa la pembeni, majani ya pembeni hayana subira, akaifumua yote akaanza upya na jani la katikati.

Nilirudi Saalfeld na nyota ya ukindu iliyofungwa kwenye kitambaa, na chane kumi na mbili kavu alizonipa.

Bibi wa chumba cha kona niliiweka kwenye kiganja chake. Safari hii hakuizungusha haraka. Aliinusa. Halafu akaniomba miwani. Alichokuwa anakitafuta ni mahali mikia ilipokatwa, na hakupaona. Bibi yangu hakuwa amekata. Kila mkia aliurudisha ndani, akaufungia chini ya ncha, kama anavyofunga pindo la mkeka ili ukingo usifumuke. Mimi nilikuwa nimekaa naye baraza moja, nimemwangalia kwa macho yangu, na sikuwa nimeliona jambo hilo.

"Amefanyaje?" aliniuliza.

Nikamwambia sijui. Nikatoa simu. Saalfeld ilikuwa saa kumi alasiri na giza linaingia, Pangani saa kumi na mbili jioni, na mdogo wangu wa kike alikuwa uani na bando lake la simu limejaa. Akamkabidhi bibi simu. Wakatazamana, mmoja ana kilemba cha kanga, mwingine ana sweta la bluu, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, na wote wawili walianza kwa kutazama mikono ya mwenzake kabla ya uso. Bibi yangu aliviona vile vidole.

"Maskini," akasema taratibu, kisha, "mwambie aloweshe kwanza."

"Yeye hawezi kushika, bibi. Mikono ni yangu."

"Basi lowesha wewe. Na usiweke maji ya moto."

Nikaenda jikoni kuchukua bakuli.